Inaingia, lakini itawaka? Shajara ya mwongozo wa kuboresha kompyuta

Rasimu 0.1: maswali yenyewe

Mradi huu ukiuelezea ni mdogo: kukusanya maswali ambayo watu huuliza kila siku wanapotaka kuongeza au kubadili kifaa ndani ya kompyuta, kuyajibu kwa maandishi, na kuyahakiki majibu hayo kabla hayajamfikia mtu. Nimeanza kwa kuyaweka maswali yote mezani bila kuchuja.

Yanafanana mno. "Mashine yangu nzito, niongeze RAM?" "Hii SSD itaingia?" "Prosesa hii inakubali kwenye ubao huu?" "Pawasaplai ya wati 450 itatosha?" "Mbona Windows 11 inanikatalia?" Yaliyobaki ni haya haya, yameulizwa kwa namna nyingine. Kwa asiyeyajua majina: RAM ni kumbukumbu ya kazi, SSD ni diski isiyozunguka, prosesa ni ubongo wa mashine, ubao (ubao mama) ndio unaobeba vifaa vyote, na pawasaplai ndiyo inayogawa umeme.

Jambo lililojitokeza mapema: muulizaji hutaja kifaa anachotaka kununua, lakini mashine aliyonayo haitaji. Na jibu liko kwenye mashine, haliko kwenye kifaa. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa mwongozo haujibu swali lolote. Unaonyesha namna ya kujua ulicho nacho. Kwenye Windows, programu ya bure ya CPU-Z inataja jina la ubao mama, prosesa, na toleo la BIOS, programu iliyomo kwenye ubao inayoiamsha mashine. Kwenye Linux, amri ya `sudo dmidecode -t memory` inaorodhesha kila sloti ya RAM, kilichomo, na kiwango cha juu ambacho ubao unadai kuupokea. Nimeandika "unadai" kwa makusudi: takwimu hiyo hujazwa na mtengenezaji wa BIOS, na mara nyingine hailingani na uwezo halisi. Kijitabu cha ubao chenyewe ndicho cha kuaminiwa.

Rasimu 0.2: RAM

Hili linaongoza kwa wingi, kwa hiyo limepewa kurasa nyingi kuliko mengine.

"Niongeze?" hujibiwa bila kushika bisibisi. Fungua kazi zako zote za kawaida, kisha tazama matumizi ya kumbukumbu. Ikiwa imejaa karibu yote na diski inahangaika muda wote, RAM itasaidia. Ikiwa nusu iko wazi na mashine bado nzito, RAM mpya itakaa bure tu. Mchawi ni mwingine, na mara nyingi ni diski.

"Itaingia?" ni kazi zaidi. DDR3, DDR4 na DDR5, yaani vizazi vya RAM, haziingiliani. Kikato kwenye mstari wa pini kimesogezwa katika kila kizazi kwa makusudi, ili kipande kisikubali mahali pasipo pake. Kwa kompyuta za mezani, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, kwa hiyo kuhesabu pini hakukufikishi popote, angalia kikato. Umeme wake nao ni tofauti: DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Katikati hapo kuna DDR3L ya volti 1.35, na huyu ndiye anayewasumbua wenye laptopu za zamani kidogo. Kikato chake ni kile kile cha DDR3. Laptopu za Intel za kizazi cha nne, kwa mfano, zinataka DDR3L; ukichomeka DDR3 ya kawaida inakaa vizuri kabisa, halafu mashine haiwaki.

Sehemu niliyoifurahia ni kusoma kibandiko. Nimenakili cha kipande kimoja cha laptopu kama kilivyo: 8GB 1Rx8 PC4-2666V-SA1-11. GB 8 ni ukubwa, hilo linajulikana. 1Rx8 maana yake safu moja ya chipu, kila chipu ikitoa biti 8 kwa mkupuo. Njia ya kumbukumbu ina upana wa biti 64, ndiyo sababu ukikigeuza kipande utahesabu chipu 8 nyeusi. PC4 ni DDR4. Ingekuwa PC3L tungezungumzia ile ya volti 1.35. 2666 ni kasi. Halafu ile S iliyojificha baada ya kistari: ni umbo fupi la laptopu. Kwa kompyuta ya mezani utakuta U, na kwa seva utakuta R.

Hiyo R nimeipigia mstari mara mbili. RAM za seva zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na za DDR4 huingia kwenye sloti ya kompyuta ya mezani bila kusukumana. Lakini zina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kwanza na kuzipeleka kwa chipu nyingine, na ubao wa kawaida hauwezi kuongea nayo. Mashine haiwaki, na muuzaji ana haki ya kukuambia kuwa RAM yake ni nzima.

Kuna namba nyingine inayozua hofu isiyo na sababu. Mtu ana kibandiko cha PC4-21300 na dukani wanamwonyesha 2666. Ni kitu kimoja. Ya kwanza inahesabu megabaiti kwa sekunde, ya pili inahesabu mara ngapi data inapita. 2666 ukizidisha kwa baiti 8 unapata 21,328, wao wakaipunguza iwe 21300. Kwa DDR3 vivyo hivyo: 1600 na 12800.

Kuchanganya kasi? Zote zitafuata ya polepole. Kuchanganya chapa? Kwa kawaida inakubali, ila jozi iliyouzwa pamoja ina uhakika zaidi. Kipande kimoja cha GB 16 au viwili vya 8? Viwili, hasa kama huna kadi ya grafiki, maana grafiki iliyomo ndani ya prosesa inakula kutoka RAM hiyo hiyo, na vipande viwili vinaipa njia mbili za data, nafasi ya kupumua. Windows ya biti 32 inaishia GB 4, na haitazitumia hata hizo zote. Laptopu yenye LPDDR (RAM inayokula umeme kidogo) iliyolehemiwa kwenye ubao haiongezeki, na hapo hakuna ujanja.

Rasimu 0.3: diski

Mtu akiniuliza aanze na nini kwenye mashine ya zamani, kabla hajamaliza sentensi namuuliza kama bado ana diski ya kuzunguka. Sababu ni hesabu rahisi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo, na bado hujahesabu muda wa mkono kusogea, ambao ni mrefu zaidi ya huo. Jumlisha, utaona kuwa diski hiyo haiwezi kuchukua vipande vingi zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde vikiwa vimetawanyika. Mfumo endeshi unapowaka unaomba maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. SSD ya kawaida kabisa haina cha kuzunguka wala cha kusogea. Ndiyo maana hata kwenye laptopu yenye SATA (muunganisho wa diski na ubao) ya kizazi cha pili, inayobana kasi isivuke takriban MB 280 kwa sekunde, mabadiliko yanaonekana siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndipo M.2 inapoleta vurugu. M.2 ni umbo la kadi ndogo bapa na sloti yake. Haikuambii kasi wala lugha inayotumika ndani. Namba 2280 ni vipimo: upana milimita 22, urefu milimita 80. Ndani ya umbo hilo kuna SSD zinazotumia SATA, zinazofika MB 550 hivi kwa sekunde, na kuna za NVMe, lugha ya kasi zaidi, zinazopita kwenye PCIe, njia zile zile za kadi ya grafiki. Zenye njia 4 za PCIe 3.0 hufika 3,500 hivi, na za 4.0 hufika 7,000. Kwa macho, SSD ya M.2 yenye vikato viwili mara nyingi ni SATA na yenye kikato kimoja kwa kawaida ni NVMe, lakini nimeandika "mara nyingi" na "kwa kawaida", na mwongozo unamtuma msomaji asome lebo.

Tabu ni hii: SSD yenye vikato viwili inaingia kwenye sloti ya kikato kimoja. Ikiwa sloti hiyo imeunganishwa na PCIe peke yake, SSD ya SATA itakaa, itafungwa skrubu, itapendeza, na BIOS haitaiona. Hakuna kilichoungua wala kilichoharibika. Ni kwamba SSD na sloti haziongei lugha moja.

Kuna jingine linalochekesha kidogo. SSD ya M.2 ukishaichomeka hubaki imeinuka kwa pembe kama mlango ulioegeshwa, na wengi hudhani wamekosea na kuanza kuisukuma. Ndivyo ilivyo. Ilaze kwa kidole, ifunge skrubu. Ila hakikisha kale kanguzo ka kushikilia skrubu kako kwenye tundu la urefu sahihi. Kakiachwa kwenye tundu la urefu mwingine kanabaki chini ya SSD na kuipinda ukikaza.

Mengine ya diski nimeyapitia haraka. Kwenye bao nyingi, ukijaza sloti fulani ya M.2, mlango mmoja au miwili ya SATA huzimika, na kijitabu husema ni ipi. Bao za zamani zinaweza kuiona NVMe kupitia adapta ya PCIe lakini zisiweze kuanzisha mfumo kutoka humo, itumie kuhifadhia. Na diski kubwa iliyotolewa kwenye boksi lake la USB ikigoma kuzunguka ndani ya kompyuta, chunguza pini ya tatu ya umeme wa SATA: zamani ilibeba volti 3.3, katika viwango vipya ni pini ya kuizima diski. Pawasaplai ya zamani inaipa umeme muda wote, na diski inatii amri hiyo kwa kubaki imezimika.

Rasimu 0.4: kupangua

Mpangilio wa sura kwa majina ya vifaa haufai tena. DDR3 kwenye laptopu ya DDR3L, RAM ya seva, SSD ya SATA kwenye sloti ya NVMe: zote zilipita mtihani wa "itaingia?" na zikaanguka mbele. Sasa kila kifaa kinapitishwa kwenye milango mitatu kwa mpangilio huu: kinaingia? kinapata umeme wake? kinatambuliwa? Muulizaji anaijua ile ya kwanza peke yake, na watengenezaji wamechangia, maana wanarudia umbo moja kwa vitu visivyoelewana.

Prosesa ndiyo iliyonishawishi moja kwa moja. Intel walitoa soketi (kiti cha prosesa) ya LGA 1151 mwaka 2015 kwa kizazi cha sita. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha nane, soketi ya jina lile lile, pini idadi ile ile. Prosesa inakaa vizuri. Lakini kizazi cha nane kinataka ubao wa chipseti (chipu kuu ya ubao) za mfululizo wa 300, na bao za mfululizo wa 100 na 200 haziipokei. Anayenunua kwa kusoma neno "1151" peke yake amekwisha.

AMD walikwenda njia nyingine. Soketi yao ya AM4 ilitoka 2016 na ikadumu kwa vizazi vingi vya prosesa zao za Ryzen, jambo zuri, ila likageuza mlango wa tatu kuwa mlango mkuu. Ubao wa mwaka 2017 unaweza kubeba Ryzen 5000, endapo mtengenezaji wake alitoa BIOS inayoijua. BIOS hiyo lazima iingizwe kabla ya kubadili prosesa, ukiwa bado na ile ya zamani. Kuna na kisa cha nafasi: chipu nyingi za BIOS kwenye bao hizo zilikuwa na MB 16 tu, na orodha ya prosesa ilipokuwa ndefu, baadhi ya matoleo mapya yaliwatupa nje wakongwe ili wageni wapate pa kukaa. Soma maelezo ya toleo kabla ya kubonyeza. Ubao wenye kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye fleshi bila prosesa ni wa kushukuriwa.

Na jambo dogo linalotuma watu kwa fundi bure: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ndani. Ryzen nyingi za AM4 zisizo na herufi G pia. Ukitoa kadi ya grafiki, skrini inabaki nyeusi na kompyuta ni nzima. Kinyume chake kipo pia: kadi mpya imefungwa, waya wa skrini umebaki kwenye ubao.

Rasimu 0.5: umeme

Mlango wa pili umepata sura yake, kwa sababu ni huu unaoweza kuunguza.

"Wati 500 zinatosha?" Geuza pawasaplai usome jedwali lake, safu ya +12V. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula hapo. Ikiandikwa 38A, zidisha kwa 12: wati 456, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi. Zipo pawasaplai zenye maandishi makubwa ya 500 ubavuni ambazo safu hiyo haifiki hata 350. Alama ya 80 Plus nayo husomwa vibaya. Inapima umeme kiasi gani unapotea kama joto, haisemi kwamba waya ni nzuri wala kwamba wati zimetimia.

Upande wa kadi, hesabu ni hii. Sloti ya PCIe inatoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yenye tundu moja la 8 na moja la 6 inaweza kuvuta mpaka 300. PCIe yenyewe haina ugomvi wa vizazi, kadi ya 4.0 hufanya kazi kwenye sloti ya 3.0, angalia badala yake urefu wa kadi na nafasi iliyopo ndani ya kasha.

Adapta zinazogeuza plagi ya SATA kuwa pini 8 nimeziandikia neno moja: usitumie. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla wati 54. Upande wa pili unaahidi 150. Plastiki ndiyo italipa tofauti hiyo.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo mzima nimeliweka kwenye waya za pawasaplai zinazochomoka. Upande wa kadi na diski plagi ni za kiwango kimoja duniani. Upande wa pawasaplai hakuna kiwango. Kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo, na hata modeli mbili za chapa moja huweza kutofautiana. Waya wa zamani utaingia kwenye pawasaplai mpya, volti 12 zitapita mahali pa volti 5, na diski zote zitakufa kwa sekunde moja pamoja na kilichomo. Ukibadili pawasaplai, badili na waya zake zote, hata kama umezifunga kwa unadhifu wa kuonea fahari.

Rasimu 0.6: Windows 11

Maswali haya yameongezeka tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Huu ni mlango wa tatu peke yake, kutambuliwa. Mashine inawaka, ina kasi, na bado inakataliwa.

Kabla ya kununua chochote, ingia BIOS. TPM 2.0 inayodaiwa, kitunza funguo cha usalama, mara nyingi tayari imo ndani ya prosesa, imezimwa tu. Kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD fTPM. Kisha mfumo uwe unawaka kwa UEFI, BIOS ya kisasa, na si kwa njia ya zamani. Ikiwa diski imegawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani, Windows 10 ina zana ya `mbr2gpt` inayoigeuza bila kufuta faili, ingawa nakala ya akiba iwekwe kwanza, na hili sitalijadili na mtu. Kilichobaki ni prosesa: kwa Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa wachache wa kizazi cha saba. Ukiwa chini ya hapo, RAM na SSD hazibadilishi jibu. Kwa mashine kama hiyo napendekeza Linux kuliko kulazimisha usakinishaji kwa njia za mkato, maana Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine zisizotimiza masharti.

Rasimu 0.7: yaliyo mezani sasa

DDR5 inarudisha sura ya RAM kwenye kazi. Swali jipya ni "nimewasha mara ya kwanza, skrini nyeusi, imekufa?" Ngoja. Ubao unajifunza RAM mpya na unaweza kuchukua dakika kadhaa kimya. Kuzima na kuwasha kila sekunde thelathini kunaanzisha somo upya.

La pili ni vipande vinne. Ile tabia ya kununua viwili leo na viwili baadaye ilikuwa salama kwenye DDR4. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ni 5200 ukiwa na vipande viwili na inashuka mpaka 3600 ukijaza sloti nne. Nunua viwili vikubwa tangu mwanzo.

CAMM2 nimeifungulia ukurasa, kwa kuwa kiwango chake kilishatolewa na JEDEC, shirika la viwango vya RAM, mwishoni mwa 2023 na laptopu zenye aina hiyo zimeanza kuonekana. Ni RAM bapa inayolazwa juu ya ubao na kukazwa kwa skrubu, na toleo lake la LPDDR linarudisha uwezekano wa kubadili kile kilichokuwa kinalehemiwa. Mlango wa kwanza una jibu jepesi: haiingii kwenye sloti yoyote ya zamani, na hakuna cha zamani kinachoingia mahali pake. Jedwali la vibandiko litaongezewa safu yake nikishapata lebo halisi ya kunakili.